Stu Ungar: Fundi wa dau aliyesota nje ya meza

Mwaka 1980, katika kasino ya Binion's Horseshoe jijini Las Vegas, Marekani, wachezaji 73 walilipa dola 10,000 kila mmoja kuingia mashindano makuu ya poka duniani. Wakabaki wawili. Mmoja alikuwa Doyle Brunson, buda wa Texas, bingwa wa 1976 na 1977, mtu aliyekuwa ameandika kitabu ambacho wachezaji wengine walikisoma kama mwanafunzi anavyosoma kabla ya KCSE. Wa pili alikuwa kijana wa miaka 26, kimo kifupi, mwembamba, uso wa mtoto wa kidato cha pili. Jina lake Stu Ungar. Watu walimwita Mtoto.

Ebu tuingie mezani kwanza, maana bila hii karata moja huwezi kumwelewa huyu jamaa.

Kwa poka ya aina hii kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Halafu karata tano zinawekwa katikati ya meza za kutumiwa na wote: tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Kati ya kila hatua watu wanaweka dau. Brunson alikuwa na ree na 7. Ungar alikuwa na 5 na 4. Zikaangushwa tatu za kwanza: ree, 7 na 2. Brunson tayari alikuwa na jozi mbili, karata nzito sana wakiwa wamebaki watu wawili. Ungar hakuwa na kitu. Alichohitaji ni 3, apate mfululizo wa ree, 2, 3, 4, 5.

Piga hesabu. Karata 47 ambazo Ungar hakuwa ameziona, na 3 ziko nne tu. Hiyo ni karibu nafasi moja kwa 12. Mtu mwenye akili timamu anatupa hizo karata na kungoja zingine, sivyo? Inategemea jambo moja tu: Brunson ameitisha pesa ngapi.

Brunson aliweka dau, lakini hakuweka kubwa ya kumfukuza mtu. Pengine alitaka Mtoto abaki ili amnyonye zaidi. Ungar akafuata. Karata iliyofuata ikawa 3. Chipu zote zikaingia katikati. Sasa ni Brunson aliyehitaji muujiza, ree au 7, na ikaanguka 2. Mchezo ukaisha. Ungar akabeba dola 365,000, nusu ya pesa zote zilizokusanywa.

Watu wengi wakisimulia hii hadithi wanasema ni bahati. Bahati ilikuwepo, hakuna anayekataa, kungoja karata nne kati ya 47 si mpango wa maisha. Lakini cheki alichokiona Ungar kabla ya 3 kuanguka. Alikuwa analipa kidogo, na akiipata, Brunson hangeweza kutoroka kwa sababu jozi mbili ni tamu mno kuziacha. Ukiwa na nafasi moja kwa 12, kila shilingi unayolipa lazima iwe na tumaini la kuleta kama 11 hivi. Mezani hazikuwa 11. Nyuma ya meza, kwa chipu ambazo Brunson alikuwa bado hajaweka, zilikuwa nyingi. Kwa maoni yangu, dau la Brunson ndilo lililomuuza. Angeweka kubwa ya kuumiza, Mtoto angekuwa na sababu nzuri ya kutupa karata na pengine leo hatungekuwa tunaongea.

Alizaliwa Septemba 8, 1953 jijini New York, akalelewa Lower East Side, mtaa wa Manhattan uliojaa familia za Kiyahudi na wahamiaji wengine. Baba yake, Isidore, alikuwa na baa iliyoitwa Foxes Corner. Mbele vinywaji, nyuma kamari. Mzee alijaribu kumzuia mtoto asiingie hiyo kazi, lakini utamzuiaje mtoto asijue kuogelea na umemlea ndani ya maji? Akiwa na miaka 10 Stu alishinda mashindano ya jin rami, mchezo wa karata wa watu wawili ambapo unaokota na kutupa mpaka upange seti zako. Watu wazima walianza kumtazama kwa jicho lingine.

Mwaka 1967 baba akafa kwa mshtuko wa moyo. Stu hakuwa amefika miaka 14 au ndio alikuwa anaigonga. Mama baadaye akapatwa na kiharusi. Kijana akaacha shule akiwa bado wa sekondari, akaanza kulisha nyumba kwa karata. Mimi niliyetoka chuoni kabla ya kuvaa lile joho jeusi najua swali ambalo mashangazi huuliza: sasa utafanya nini? Stu alikuwa na jibu la haraka, na jibu lake lilikuwa linaleta pesa nyumbani kila jioni.

Jibu hilo pia lilimpeleka kwa watu hatari. Aliyemchukua kama mwana ni Victor Romano, mtu wa magenge ya New York, ambaye naye alikuwa na kichwa cha ajabu cha kukumbuka vitu. Kwa Romano, Stu alikuwa na ulinzi. Hii ilikuwa muhimu kwa sababu kijana alikuwa na mdomo. Akikushinda anakuambia jinsi ulivyo mbovu, kisha anakushinda tena.

Jin rami aliimaliza. Anasimuliwa sana kwa alivyomfanyia Harry Stein, aliyehesabiwa kati ya wakali wa mchezo huo: 86 kwa 0. Stein hakuonekana sana tena kwenye meza za pesa kubwa. Tatizo la kuwa mkali hivyo ni kwamba njaa inakushika. Hakuna aliyetaka kucheza naye. Hata alipoanza kuwapa wapinzani nafuu, wengi walidinda. Na pesa alizopata kwa karata alikuwa anazipeleka kwa farasi. Mbio za farasi zilimla vibaya mpaka akawa na madeni ambayo New York haikuwa mahali salama pa kudaiwa. Akahama, akapitia Miami, na kufikia mwaka 1977 alikuwa Las Vegas.

Huko akajaribu mchezo wa 21, ule unaoshindana na kasino yenyewe. Mwaka huo huo mfanyabiashara wa kasino, Bob Stupak, aliweka naye dau la dola 100,000 kwamba hawezi kuhesabu pakiti sita za karata zilizochanganywa na kutaja karata ya mwisho itakuwa gani. Pakiti sita ni karata 312. Ungar akazifuata zote, akataja ya mwisho, akachukua pesa. Baada ya hapo kasino zikaanza kumfungia mlango. Likumbuke jina la Stupak.

Kwa hiyo poka, kwa Ungar, ilikuwa kazi ya akiba. Jin rami ilikosa wachezaji, 21 ikakosa milango. Alikuja kwenye mashindano ya 1980 akiwa hana uzoefu mkubwa wa poka hii. Brunson alisimulia baadaye kwamba hakuwahi kuona mchezaji anayeongezeka ukali kadiri mashindano yanavyoendelea kama yule kijana. Mwaka 1981 akarudi, watu 75, akamshinda Perry Green mwishoni na kuchukua dola 375,000. Mara mbili mfululizo.

Alikuwa anafanya nini ambacho wengine hawakuwa wanafanya? Hapa nataka tukae kidogo.

Mashindano ya poka si kama poka ya pesa taslimu. Unalipa ada yako, unapewa chipu, vile visahani vya plastiki, na havirudi kuwa pesa. Huwezi kusimama katikati ukasema nimeridhika, nipeni changu. Ukiishiwa, umetoka. Na kila baada ya muda kuna dau la lazima linalopanda, kwa hiyo ukikaa tu ukingoja karata nzuri, chipu zako zinaliwa polepole kama sukari kwenye chai. Zaidi ya hayo, anayetoka mapema hapati kitu, wachache wa mwisho ndio wanaolipwa. Matokeo yake ni woga. Mtu aliyevumilia siku mbili hataki kutoka hatua tatu kabla ya malipo.

Ungar aliunusa huo woga. Dau kwake halikuwa tu kipimo cha karata alizonazo. Lilikuwa swali analomuuliza mwenzake: uko tayari kufa kwa hii? Aliweka madau mara nyingi kuliko wote, mengi yakiwa ya kawaida tu, akiokota zile pesa ndogo ambazo hakuna aliyetaka kuzipigania. Ukimwacha, anakumaliza kidogo kidogo. Ukimsimamisha, lazima uhatarishe chipu nyingi kupigania kitu kidogo. Na akiona umeonyesha udhaifu, hapo ndipo dau linapanda ghafla, si kwa kubahatisha, bali kwa kiwango ambacho kinagusa uhai wako kwenye mashindano.

Kuna hesabu rahisi nyuma ya hili na kila mtu anaweza kuijua. Kama mezani kuna 100 na mimi naweka 50, wewe unalipa 50 upate 150. Unahitaji kuwa sahihi mara moja tu kwa kila nne. Nikiweka 100, unahitaji mara moja kwa tatu. Nikiweka 200, mara mbili kwa tano. Kadiri dau linavyokua ndivyo ninavyokudai uhakika zaidi. Lakini nami nikiwa napiga mkwara tu, dau la 50 linanilipa ukikimbia mara moja kwa tatu, la 200 linahitaji ukimbie mara mbili kwa tatu. Ufundi wote uko hapo: ndogo ya kutosha nisijiumize, kubwa ya kutosha usilale. Hesabu hiyo anaijua kila mkali. Ungar aliongeza kitu kisichofundishika kirahisi, kumsoma aliyekaa mbele yake.

Mbali na hayo mashindano, yaliyoitwa World Series, alishinda pia mara tatu yale ya Amarillo Slim, mwaka 1984, 1988 na 1989. Wanaomjua wanasema kati ya mashindano makubwa kama 30 ya ada ya dola 10,000 au zaidi aliyoingia, alishinda 10. Kwa mchezo ambao hata bingwa hutoka mapema mara nyingi, hizo ni namba za kutisha.

Sasa toka nje ya meza.

Inasimuliwa kwamba mara ya kwanza alipopelekwa uwanja wa gofu, alipoteza dola 78,000 kwenye sehemu ya mazoezi tu, kabla hata ya kuanza mchezo. Farasi, michezo ya mpira, kete, gofu, chochote kilichokuwa na mshindi na mshinde, aliweka pesa. Hakuwa na akaunti ya benki. Pesa zake alizifungia kwenye visanduku vya hoteli za Las Vegas ili azipate saa yoyote ya usiku.

Cha kushangaza ni kwamba wakati Ungar akiwa mtoto wa chekechea, jibu la tatizo lake lilikuwa limeshachapishwa. Mwaka 1956 mwanasayansi John Kelly wa maabara za Bell, kampuni ya simu, alitoa fomula inayosema uweke sehemu gani ya pesa zako ukiwa na nafasi nzuri. Chukua mchezo wa kushinda au kupoteza kiasi sawa, na wewe una uwezekano wa asilimia 55 kushinda. Kelly anasema weka asilimia 10 ya ulicho nacho. Una Sh100,000? Weka Sh10,000. Ukiweka zote kila mara, hata kwa mchezo unaokupendelea, siku moja utabaki na sifuri, na sifuri hairudi. Kama huna nafasi nzuri yoyote, fomula inakuambia uweke sifuri. Mbio za farasi zilikuwa za sifuri kwa Ungar. Yeye aliweka zote.

Wanaobeti mitaani kwetu wataelewa haraka, kwa sababu mwenye duka la kubeti ndiye mwenye hiyo asilimia ya ziada, na hakuna mkeka wa timu 15 unaobadilisha hilo. Lakini tuendelee na Mtoto.

Alioa mwaka 1982, wakapata binti mwaka huo huo, na akamchukua mtoto wa kiume wa mkewe kuwa wake. Ndoa ikavunjika mwaka 1986. Kokeini ilikuwa imeingia, kwanza kama kitu cha kumweka macho kwenye michezo ya saa nyingi, halafu kama kila kitu. Mwaka 1989 yule kijana wake wa kulea alijitoa uhai. Waliokuwa karibu na Ungar wanasema hakurudi kuwa yule yule, na mimi sioni sababu ya kuwabishia.

Mwaka 1990 ndipo ikatokea kitu ambacho sijui kama nicheke au nilie. Aliingia tena mashindano makuu, akijaziwa ada na rafiki yake Billy Baxter. Akakusanya chipu mlima. Siku ya tatu hakuonekana. Walimkuta sakafuni chumbani kwake hotelini, hajitambui, kwa sababu ya madawa. Kiti chake kikabaki kitupu, wagawaji wakawa wanamkata dau la lazima kila zamu inapofika. Chipu zake zilikuwa nyingi mno kiasi kwamba kiti kitupu kilimaliza nafasi ya tisa na kulipwa. Madau aliyoweka siku mbili za kwanza yalimpigania akiwa amelala.

Miaka iliyofuata alisota. Madeni, madawa, marafiki waliochoka kukopwa.

Halafu 1997. Siku ya kuanza mashindano makuu hakuwa na dola 10,000. Dakika za mwisho Baxter akakubali kumlipia tena, akawa karibu jina la mwisho kuandikwa kati ya watu 312. Siku ya kwanza alikuwa amechoka sana, anasinzia mezani. Baxter na rafiki yake Mike Sexton walimsukuma kwa maneno, mmoja kwa ukali na mwingine kwa upole. Siku ya pili aliamka mtu mwingine. Alivaa miwani ya duara ya rangi ya buluu, ambayo ilificha kidogo pua iliyokuwa imeharibiwa na kokeini. Mfukoni alikuwa na picha ya binti yake.

Meza ya mwisho iliwekwa nje, barabara ya Fremont, kwenye jua la jangwani. Ungar alianza na karibu theluthi moja ya chipu zote. Aliyemfuata ni Ron Stanley, mchezaji mzuri aliyeanza kumpunguza. Ikaja karata moja ambayo kama unataka kujifunza dau, itafute video uitazame. Mezani kukawa na ree, 9, 6, 8 na mwisho mfalme. Stanley alikuwa na jozi ya 9. Ungar alikuwa na malkia na 10, yaani hewa. Kwenye karata ya nne Stanley aliweka dau dogo, Ungar akapandisha. Mfalme alipoanguka Stanley akagonga meza kupitisha, na Ungar akasukuma zaidi ya 200,000 katikati.

Fikiria uko kwa kiti cha Stanley. Ree iko mezani, mfalme yuko mezani, una jozi ya 9, na ukikosea hapa umeachia nafasi ya dola milioni. Dau dogo angelifuata kwa udadisi tu. Hili lilikuwa la kumfanya aanze kuhesabu maisha yake. Akatupa. Ungar akamwonyesha malkia na 10, mbele ya kamera. Stanley hakutulia tena na hakukaa sana.

Wa mwisho alikuwa John Strzemp, bosi wa kasino moja ya mji huo huo. Ungar alikuwa na ree na 4, Strzemp ree na 8. Zikaanguka ree, 5 na 3, na chipu zote za Strzemp zikaingia. Ukweli usemwe, hapa Ungar alikuwa nyuma. Karata ya nne ikawa 3 nyingine. Ya tano ikawa 2, na Ungar akapata mfululizo, ule ule wa ree mpaka 5 uliomwondoa Brunson miaka 17 kabla.

Dola 1,000,000. Alitoa ile picha ya binti akaionyesha watu. Nusu ya pesa ilikuwa ya Baxter kwa makubaliano yao. Nusu iliyobaki, dola 500,000, haikumaliza mwaka. Ilikwenda kulikokwenda zingine.

Mwaka 1998 Baxter alikuwa tayari kumlipia ada tena atetee taji. Muda mfupi kabla ya kuanza, Ungar alikataa kushuka kutoka chumbani. Hakuwa katika hali ya kuonekana na watu.

Mwishoni mwa mwaka huo Bob Stupak, yule wa karata 312, alikubali kumdhamini arudi kucheza na kumsaidia kulipa madeni, akampa pesa kidogo za kuanzia. Novemba 20 Ungar alichukua chumba Oasis, moteli ya bei rahisi Las Vegas. Novemba 22, 1998 akakutwa amefariki. Alikuwa na miaka 45. Madaktari walipata mabaki ya madawa mwilini, lakini si ya kutosha kumuua siku hiyo. Ni moyo uliochakazwa na miaka mingi ya kuyatumia. Alikuwa na dola 800.

Mazishini Stupak alizungusha mchango kwa wacheza kamari waliokuja, ili gharama zilipwe. Mwaka 2001 jina la Ungar liliwekwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa poka, na miaka miwili baadaye ikatoka filamu ya maisha yake, Michael Imperioli akiigiza kama yeye. Johnny Moss ndiye mwingine pekee mwenye mataji matatu ya mashindano makuu, na la kwanza la Moss, la mwaka 1970, alilipata kwa kupigiwa kura na wachezaji wenzake. Matatu ya Ungar yote aliyapata kwa kubaki na chipu zote za mezani.